Mwanga ukiingia majini au kwenye glasi, momenta yake (kiasi cha mwendo unachobeba) inaongezeka au inapungua?

Mwalimu_wa_Elgon (Mbale)

Wakuu wa fizikia, naomba tulitatue hili kwa hesabu na vipimo. Wanafunzi wa S6 (kidato cha sita) hufika kwenye majibu mawili yanayopingana, na kila jibu limetoka kwenye kanuni iliyo halali.

Njia ya kwanza ni p = h/λ (p ni momenta, h ni namba ya Planck, λ ni urefu wa wimbi). Ndani ya maji urefu wa wimbi unafupika mara n (n ni fahirisi ya mpindo), kwa hiyo momenta inakua mara n. Njia ya pili: nishati E ina masi ya E/c² (c ni kasi ya mwanga kwenye ombwe), na ndani ya maji inakwenda kwa kasi ya c/n. Zidisha, unapata E/(nc). Momenta imepungua mara n.

Kwa leza ya kijani ya nanomita 532, fotoni moja (chembe ya mwanga) kwenye ombwe ina momenta ya 1.25 × 10⁻²⁷ kg·m/s. Ndani ya maji, njia ya kwanza inasema 1.66 × 10⁻²⁷, ya pili inasema 0.93 × 10⁻²⁷. Uwiano wa majibu hayo ni n²: 1.78 kwa maji, 2.25 kwa glasi yenye n ya 1.5. Pengo la namna hiyo huwezi kulisingizia makosa ya vipimo.

Naomba mambo matatu. Jibu lipi ni sahihi na kwa nini? Majaribio yaliyofanywa yanasema nini? Na kuna chochote kinachoweza kuonyeshwa kwenye maabara ya sekondari bila vifaa vya kuagiza nje?

Nuru_Kla (Kampala)

Mwalimu, majibu hayo yana wenyewe. Hermann Minkowski mwaka 1908 aliandika nadharia ya uga wa umeme na sumaku ndani ya vitu, na kutoka humo fotoni inapata nE/c. Max Abraham mwaka 1909 akaandika yake, ikatoa E/(nc). Mabishano yamedumu zaidi ya miaka mia moja, na hayakudumu kwa sababu watu hawajui hesabu. Kila upande una hoja ambayo huwezi kuivunja.

Anza na hoja ya Abraham, ambayo N. L. Balazs aliiweka vizuri mwaka 1953. Chukua bonge la glasi lenye masi M na urefu L, limetulia kwenye ombwe, limepakwa utando wa kuzuia mwanga usiakisiwe. Pigo la mwanga lenye nishati E linaingia upande mmoja na kutokea wa pili. Hakuna kani kutoka nje, kwa hiyo kitovu cha nishati ya mfumo mzima lazima kiendelee kwa kasi ileile.

Ndani ya glasi mwanga unachelewa. Unapotoka uko nyuma kwa umbali wa (n−1)L ukilinganisha na ambao haukukutana na glasi. Upungufu huo lazima ulipwe na glasi kusogea mbele:

MΔx = (E/c²)(n−1)L

Muda wa kupita ni nL/c. Gawanya, utaona kwamba wakati mwanga uko ndani, glasi ina momenta ya (E/c)(1 − 1/n). Jumla ilikuwa E/c. Kinachobaki kwa mwanga ni E/(nc). Hapo hakuna dhana yoyote kuhusu mwanga ni wimbi au chembe, ni uhifadhi wa nishati na momenta tu, na ndiyo maana hoja hii ni nzito.

Ukubwa wake: E ya jouli 1, L ya sentimita 10, M ya gramu 100, n ya 1.5. Glasi inasogea mita 5.6 × 10⁻¹⁸. Nusu kipenyo cha protoni ni kama 0.84 × 10⁻¹⁵. Msitafute rula.

Sasa hoja ya Minkowski. Atomu imo ndani ya maji, inakimbia kuelekea chanzo cha mwanga kwa kasi v. Mabadiliko ya masafa ya Doppler inayoyaona yanategemea nv/c, kwa sababu mawimbi ndani ya maji yamebanana zaidi. Weka hilo kwenye uhifadhi wa nishati na momenta wakati atomu inafyonza fotoni. Hesabu inakubali tu kama msukumo inaoupata ni nE/c. Nao ni uhifadhi uleule.

Aswa_Gulu (Gulu)

Naongeza hesabu ya uso wa maji, kwa sababu hapo ndipo watu wengi walidhani ugomvi utaamuliwa.

Mwanga wa wati 1 ukifyonzwa wote kwenye ombwe unasukuma kwa nanonyutoni 3.34. Ukiakisiwa wote ni 6.67. Sasa uelekeze wima juu ya maji yenye n ya 1.333. Sehemu inayoakisiwa ni R = ((n−1)/(n+1))², yaani kama asilimia 2. Momenta inayofika pamoja na ile inayorudishwa inaupa uso (1+R)P/c, ambapo P ni nguvu ya mwanga kwa wati. Toa momenta inayoendelea kuingia ndani ya maji.

Ukitumia Minkowski unatoa n(1−R)P/c. Jibu ni −2(n−1)/(n+1) mara P/c, yaani −0.95 nN: uso unavutwa juu, kuelekea hewa. Ukitumia Abraham unatoa (1−R)P/(nc), na jibu ni +0.95 nN: uso unasukumwa chini. Ukubwa ni uleule kabisa, alama tu imegeuka. Fanyeni aljebra kwa mkono muone, ni mistari minne.

Kwa hiyo swali lilionekana rahisi: piga mwanga mkali juu ya maji, tazama kama yanavimba au yanabonyea. Arthur Ashkin na Joseph Dziedzic walifanya hivyo mwaka 1973, wakitumia mapigo mafupi ya leza ya kijani yenye nguvu ya kilowati kadhaa, yakiwa yamekusanywa kwenye doa la mikromita chache. Maji yalivimba. Uvimbe ule ulikuwa kama lenzi ndogo, ukakusanya mwanga zaidi, na kwa njia hiyo wakauona.

Wengi wakatangaza ushindi wa Minkowski. Lakini mwaka huohuo J. P. Gordon alionyesha kwamba uvimbe ule hauamui kitu. Mwali wa leza ni mkali katikati na hafifu pembeni, na maji huvutwa kuelekea penye mwanga mkali. Mvuto huo wa kutoka pembeni unabana maji ndani ya mwali, kanieneo ya katikati inapanda, na uso unainuka, fotoni iwe na momenta yoyote ile.

Kwa wanaotamani kulijaribu kwa leza ya kawaida: wati 1 kwenye doa la nusu kipenyo cha mikromita 50 ni kanieneo ya takriban paskali 0.12. Mvutano wa uso wa maji (0.072 N/m) unauzuia uvimbe usizidi nanomita kumi hivi. Wakati huohuo chembe ya vumbi au rangi inayofyonza mwanga inapasha uso moto, mvutano unapungua kwa takriban 0.15 mN/m kwa kila digrii, maji yanakimbia kutoka penye joto na uso unabonyea. Mbonyeo wa joto unaufunika uvimbe wa mwanga bila shida. Mtu atapima joto, aandike "Abraham".

Rwenzori_FP (Fort Portal)

Majaribio yanayostahili kujulikana kwa majina ni haya.

R. V. Jones wa Chuo Kikuu cha Aberdeen, akiwa na Richards, mwaka 1954 alitundika kioo kidogo cha kuakisi ndani ya vimiminika tofauti, akapima msokoto unaosababishwa na mwanga. Kani ilikua sawasawa na n ya kimiminika. Mwaka 1978 Jones na Leslie walirudia kwa leza na kwa usahihi mkubwa zaidi, wakatenganisha jambo ambalo wengi hulipita haraka: n inayozidisha kani ni ile ya awamu ya wimbi (inayotokana na kasi ya vilele vya wimbi), wala si ile ya kundi la mawimbi (inayotokana na kasi ya pigo zima). Kwa maji na mwanga wa 532 nm, n ya awamu ni 1.335, ya kundi ni takriban 1.36. Tofauti ni ndogo, lakini walikuwa na usahihi wa kuiona.

Mwaka 2005 kundi la MIT, akiwemo Gretchen Campbell na Wolfgang Ketterle, walipima atomu za rubidi zilizopozwa hadi zikawa wingu la Bose na Einstein (wingu ambamo atomu zote ziko katika hali moja ya kwantamu). Atomu moja ndani ya wingu lile ilirudi nyuma kwa kiasi cha nE/c, wingu lenyewe likiwa ndilo "maji" yake. Minkowski tena.

Upande wa pili, mwaka 1975 G. B. Walker na D. G. Lahoz walitundika kisahani cha titanati ya bari kwenye uzi wa msokoto, wakakiweka ndani ya uga sumaku wa kudumu na kukipa uga wa umeme unaobadilika polepole. Kisahani kilizunguka kwa kiasi kinachotakiwa na kani ya Abraham, ile ambayo kwa Minkowski haipo. Hapo hapakuwa na mwanga, masafa yalikuwa chini mno, lakini milinganyo ni ileile.

Kiira_Jinja (Jinja)

Wakubwa, mbona mnaogopa kusema wazi? Kioo cha Jones kinasema n. Atomu za rubidi zinasema n. Hata koleo za leza (mwali unaoshika chembe ndogo) zinatumia n. Abraham amebaki na bonge la glasi la kufikirika na kisahani kisichopigwa mwanga. Kwa nini tusiwaambie wanafunzi kwamba Minkowski alipatia na Abraham alikosea?

Nuru_Kla

Ssebo (bwana) Kiira, kwa sababu ukifuta Abraham utalazimika kufuta uhifadhi wa kitovu cha nishati, na hilo huliwezi. Tuifuate hesabu hadi mwisho, ndilo jambo lenyewe la uzi huu.

Pigo la mwanga likisafiri ndani ya kitu angavu, uga wake unapanda mbele na kushuka nyuma. Mahali unapopanda, chaji za ndani ya atomu zinasukumwa mbele. Mahali unaposhuka, zinasukumwa nyuma. Matokeo yake ni kwamba sehemu ya kitu iliyo ndani ya pigo inabeba momenta inayosafiri pamoja na mwanga. Jumlisha kani ya Abraham na utapata kiasi chake: (n − 1/n)E/c, tukiacha tofauti ya n ya awamu na ya kundi.

Weka namba za maji, kwa vipimo vya E/c. Uga wenyewe: 0.75. Maji yanayosindikizwa: 0.583. Jumla: 1.333, ambayo ni n kamili. Kwa hiyo pigo linapofika kwenye kioo cha Jones, kioo kinapokea mzigo wote, wa uga na wa maji yaliyosindikiza. Kisahani cha Walker na Lahoz kilionyesha ile sehemu ya kitu peke yake. Hawapingani.

Rudi kwenye bonge la glasi, n = 1.5, lenye utando wa kuzuia mwakisiko. Uso wa kuingilia unapata 1 − n, yaani −0.5: unavutwa kinyume na mwelekeo wa mwanga. Glasi iliyo ndani ya pigo inapata n − 1/n, yaani +0.833. Jumlisha: +0.333. Na Balazs alitaka 1 − 1/n, ambayo ni 0.333. Hesabu imefunga bila kubaki hata senti.

Mwaka 2010 Stephen Barnett aliliweka hili katika lugha ya jumla. Momenta ya Abraham ni kinetiki: ile ya masi na kasi, inayosogeza kitovu cha nishati. Ya Minkowski ni ya kanoniki: ile inayoendana na urefu wa wimbi, ya h/λ. Kitu chenyewe nacho kina momenta mbili za aina hizo. Kinetiki ya kitu ukijumlisha na Abraham unapata jumla sawa na kanoniki ya kitu ukijumlisha na Minkowski. Ni kama wenye duka wawili wanaogawana ghala moja: mmoja anaandika mzigo ulioko njiani kwenye daftari lake, mwingine analiachia ghala, na mali yote iliyopo haibadiliki. Kosa linatokea unapochukua ukurasa mmoja wa daftari hili na ukurasa wa pili wa lile.

Na kwa usahihi: kwenye Abraham tumia n ya kundi, kwa sababu kinachochelewa ni pigo la nishati. Kwenye Minkowski tumia n ya awamu. Ndiyo maana Jones na Leslie walipata walichopata.

Kiira_Jinja

Nimeielewa hesabu. Sasa hizo −0.5 na +0.833 zinatokea sehemu tofauti za glasi. Je, glasi inajuaje isogee kwa pamoja?

Aswa_Gulu

Haijui, na haisogei kwa pamoja. Mwanga unapita sentimita 10 za glasi kwa nanosekunde 0.5. Sauti ndani ya glasi inakwenda karibu mita 5,600 kwa sekunde, kwa hiyo katika muda huo msukumo wa uso umesafiri mikromita 2.8 tu. Uso wa nyuma umeshavutwa, pigo limeshatoka, na katikati ya glasi bado haijapata habari. Kinachofuata ni mawimbi ya mtetemo yanayogonga huku na huku hadi yatulie, na mchepuko wa wastani ndio ule wa Balazs. Yeyote anayechora glasi kama kitu kigumu kisichonyumbuka amepoteza nusu ya fizikia. Mwaka 2018 watafiti waliripoti kugundua mawimbi ya namna hiyo kwenye kioo kilichopigwa na mapigo ya leza, wakitumia vihisi vya sauti vilivyobandikwa kwenye kioo chenyewe.

Fundi_Maabara (Kampala)

Nijibu swali la tatu la mwalimu. Kani yenyewe sahauni shuleni: kalamu ya leza ya miliwati 5 inatoa pikonyutoni 17, na upepo wa mtu kupumua unaizidi mbali. Ila momenta ya kanoniki mnaweza kuionyesha kwa CD kuukuu na beseni angavu.

Wazo ni hili. Mistari ya CD imepishana mikromita 1.6. Mwanga ukipita humo na kwenda kwenye safu ya kwanza, yaani doa la kwanza pembeni mwa lile la katikati, kila fotoni imepata msukumo wa pembeni wa h/d, ambapo d ni nafasi kati ya mistari. Msukumo huo hautegemei kama nje kuna hewa au maji. Pembe basi inatoa momenta nzima: p = h/(d sin θ). Pembe ikipungua, momenta imeongezeka.

Vifaa: CD tupu ya kurekodia, kalamu ya leza nyekundu ya 650 nm, beseni la plastiki angavu lenye pande bapa au tangi dogo la samaki, karatasi nyeupe ya plastiki ngumu, rula, maji ya chupa.

Kata kipande cha CD cha sentimita 3 kwa 3 kutoka ukingoni, ambako mistari inakaribia kunyooka. Bandika utepe mpana wa gundi juu ya upande wa maandishi na uuvute kwa nguvu, utando wa fedha utatoka nao. Rangi ya kijani au bluu inayobaki ioshe kwa spiriti ya kuwashia taa, bila kusugua. Simamisha kipande ndani ya beseni, mistari ikiwa wima, na karatasi nyeupe sentimita 10 nyuma yake, sambamba nacho. Elekeza leza iingie kwa pembe mraba kwenye ukuta wa beseni na kwenye kipande.

Pima bila maji kwanza. Sin θ ni 650/1600 = 0.406, pembe digrii 24, doa la kwanza liko sentimita 4.45 kutoka lile la katikati. Jaza maji bila kugusa chochote. Sasa sin θ inapaswa kuwa 0.305, pembe digrii 17.7, doa liko sentimita 3.2. Gawanya sin mbili: 1.33. Fotoni ndani ya maji ina momenta ya kanoniki kubwa mara 1.33.

Yanayoharibu kazi:

Madoa hufifia sana baada ya kumimina maji. Plastiki ya CD ina n ya takriban 1.58, tofauti yake na hewa ni 0.58, na maji ni 0.25 tu, kwa hiyo mifereji inasukuma mwanga kidogo pembeni. Tia giza chumba. Msiongeze nguvu ya leza, macho ya watoto ni muhimu kuliko doa.

Viputo vya hewa hushika kwenye mifereji. Chovya kipande kwanza kwenye maji yenye tone la sabuni, kisha kitikise.

Ukipima doa la upande mmoja tu, CD iliyopinda kidogo itakudanganya. Pima umbali kati ya doa la kushoto na la kulia, ugawe kwa 2.

Usitumie DVD. Mistari yake iko mikromita 0.74, na hewani pembe inafika digrii 61. Doa linatoka nje ya karatasi.

Mwalimu_wa_Elgon

Asante sana. Karatasi ikibandikwa nje ya ukuta wa beseni badala ya ndani, si ingekuwa rahisi zaidi kupima?

Fundi_Maabara

Hapana mwalimu, hapo ndipo jaribio linapofia. Mwali ukitoka kwenye maji kwenda hewani unapinda, na sin θ inazidishwa na 1.333. 0.305 inarudi kuwa 0.406, yaani pembe ileile ya hewani. Karatasi ikiwa mbali nje ya beseni, mwanafunzi ataandika kwamba maji hayabadilishi kitu. Lakini ukiwa na muda, fanya hivyo makusudi kama sehemu ya pili. Momenta ya pembeni haibadiliki kuvuka ukuta bapa, na hiyo ndiyo kanuni ya Snell yenyewe ikisomwa kwa lugha ya Minkowski.

Kiira_Jinja

Pingamizi moja. Hilo limepima urefu wa wimbi. Umeingiza h/λ ndani halafu ukaitoa nje.

Nuru_Kla

Ni kweli kwamba limepima urefu wa wimbi, na momenta ya kanoniki ni hiyohiyo, h gawa kwa urefu wa wimbi. Wanafunzi waandike hivyo kwenye hitimisho: "tumepima momenta ya kanoniki". Wasiandike kwamba wamempinga Abraham, kwa sababu hakuna kilichopimwa kuhusu kusogea kwa maji.

Optiki_Mbarara (Mbarara)

Kwa walioko vyuoni, mahali ambapo n hii inagusa kazi ya kila siku ni koleo za leza, ile mbinu iliyompa Ashkin sehemu ya tuzo ya Nobel mwaka 2018. Kani yake huandikwa F = QnP/c. Q ni namba isiyo na kipimo, mara nyingi karibu 0.1 kwa kutoroka pembeni, inayotegemea ukubwa wa chembe na umbo la mwali. Miliwati 10 kwenye maji: nP/c ni pikonyutoni 44, kwa hiyo mtego unashika kwa takriban pikonyutoni 4.

Kinachohitajika ni hadubini yenye lenzi ya mara 100 ya kutumia mafuta, uwazi wa namba (kipimo cha upana wa pembe ambamo lenzi inakusanya mwanga) 1.25 au zaidi. Leza yenye mwali safi wa doa moja. Lenzi mbili za kupanua mwali hadi ujaze tundu la nyuma la lenzi kubwa. Na vipira vya polistireni vya mikromita 1. Mwali usipojaza tundu, vipira vitashikwa pembeni lakini vitasukumwa mbele na kutoroka. Hilo ndilo kosa la kwanza la kila mfumo mpya.

Kupima kani, sogeza meza ya hadubini kwa kasi inayojulikana hadi kipira kiachie. Msuguano wa Stokes ni 6πηrv. Kwa maji ya digrii 25, η ni 0.89 × 10⁻³ Pa·s. Kipira cha mikromita 1 kwa kasi ya mikromita 100 kwa sekunde kinapata pikonyutoni 0.84. Pandisha kasi hatua kwa hatua.

Makosa yanayojirudia: wati zinapimwa kabla ya lenzi, wakati lenzi yenyewe inapoteza sehemu kubwa ya mwanga wa infraredi, kwa hiyo Q inatoka ndogo kuliko ilivyo. Kipira kiko karibu na glasi ya chini: kitovu chake kikiwa juu yake mara 5 ya nusu kipenyo, msuguano umeshapanda asilimia 12. Ukienda juu sana nako, lenzi ya mafuta inaharibu umakini wa mwali ndani ya maji na mtego unalegea. Mikromita 5 hadi 10 kutoka kwenye glasi panafaa. Kamera ya picha 30 kwa sekunde haifai kupimia mtetemo wa kipira, kwa sababu mtego wa pikonyutoni 10 kwa mikromita una masafa ya kona (ambayo juu yake mtetemo wa kipira unafifia) ya hertzi 190 hivi; picha inachanganya mitetemo mingi na mtego unaonekana mgumu kuliko ulivyo. Na leza ya 1064 nm haionekani kwa macho. Miwani ya kinga ya urefu huo wa wimbi ivaliwe na kila aliye chumbani, hata asiyeshika kifaa.

Aswa_Gulu

Dada Optiki, kwenye F = QnP/c wanafunzi huuliza n ni ya nani, ya kipira au ya maji. Liweke wazi hapa.

Optiki_Mbarara

Ya maji, 1.33. Wengine huweka 1.59 ya polistireni, na Q yao inatoka chini kwa asilimia 16. Mwanga unafika kwa kipira ukitoka majini na unaondoka ukiingia majini, kwa hiyo mzigo unaopokelewa na unaorudishwa ni wa Minkowski ndani ya maji. Kinachotokea ndani ya kipira kimeshaingia kwenye Q: huko ndiko uwiano wa 1.59 kwa 1.33 unakofanya kazi yake, na ndio unaoamua kama kipira kinavutwa kwenye mwanga au kinafukuzwa. Kiputo cha hewa, chenye n ndogo kuliko ya maji, kinafukuzwa na mtego huohuo.